Foleni ya Mlango Uliofungwa

Jumatatu, 6 Septemba 1976

Daktari Bisimwa, mwalimu wa saikolojia, anahitaji msaidizi. Waombaji tumebaki wawili: mimi, Saverio, mwandishi wa barua za maombi, na Kamis, mpiga taipu ninayeshiriki naye baraza moja hapa kwenye mtaa wa maduka wa Kikuubo, ambaye hutafuna karanga akiwa kazini. Kila mmoja afanye jaribio juu ya tabia za watu na alete matokeo Ijumaa. Masharti: watu waombwe ridhaa kwanza, wasidhurike, na mwishoni waambiwe ukweli.

Dada yangu Ayot, ambaye nalala sebuleni kwake, amesema nisipoipata kazi hiyo narudi kwetu Kitgum kwa basi la Jumamosi. Nilimweleza kwamba sayansi haiharakishwi. Akasema basi nalo halisubiri.

Swali langu la utafiti: je, mtu atajiunga na foleni asiyojua inahusu nini? Zuri mno.

Jumanne, 7 Septemba

Nimetunga tamko la ridhaa. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini, bila kushurutishwa, naikabidhi nafsi yangu kwa uchunguzi." Sentensi yenye mizani! Nimewasimamisha wapita njia tangu asubuhi. Hakuna aliyetia sahihi. Muuza vitenge alisema ana watoto wadogo, akafunga duka. Mwingine aliapa kwamba hajasema lolote juu ya serikali, wala mkewe. Kamis akaninong'oneza kwamba siku hizi mtu anayeomba jina na sahihi barabarani hukimbiwa. Wivu mtupu.

Nimeamua ridhaa iombwe baadaye.

Jumatano, 8 Septemba

Nimesimama mbele ya ghala lililofungwa, kikapu mkononi, uso mkavu. Haukupita muda, mama mmoja akasimama nyuma yangu. Hakuuliza kitu. Kufikia adhuhuri foleni ilikuwa imekunja kona! Wa mbele walisema ni sabuni, wa nyuma wakasema ni sukari, na sukari ikashinda. Imetoka Kenya, nikasikia. Nyeupe. Kilo mbili kwa kila mtu. Mchana nilibanwa na haja, lakini sikuthubutu kuiacha nafasi yangu. Kilo mbili!

Alasiri nikakumbuka wajibu. Nikapanda juu ya kreti, nikatangaza kwa lugha iliyonyooka kwamba sukari haipo, haikuwahi kuwapo, na kwamba wote walikuwa washiriki wa jaribio. Kisha yule mama akacheka.

"Huyu anataka tuondoke, abaki nayo peke yake," akawaambia wenzake.

Foleni ikarefuka. Miongoni mwa waliojiunga nilimwona Ayot, na sufuria mbili.

Alhamisi, 9 Septemba

Wamenitangulia. Wengine walikuwa wameacha mawe kushika nafasi zao tangu jana. Askari mmoja alifika akaenda mbele moja kwa moja, kama wafanyavyo askari, akaamuru mwenye ghala, Bwana Khisa, afungue. Ndani: mabeseni ya plastiki. Askari akauliza nani alikuwa wa kwanza kusimama hapo. Umati mzima ukanitazama. Dada yangu wa damu akaninyooshea kidole.

"Wewe mzee, wapi sukari?" askari akafoka.

Nikajibu kwamba swali hilo linahitaji kwanza ufafanuzi wa istilahi. Kwa jibu hilo nimefagishwa ghala hadi jioni. Watu walinichungulia mlangoni, wakisema naificha.

Ijumaa, 10 Septemba

Kamis alimweleza Daktari kwamba aliwaomba watu ridhaa, wakakataa, akawaacha. Hiyo ndiyo ripoti nzima! Yangu niliisoma nikiwa wima. Daktari akasema, kwa upole, kwamba watu wale walipoteza siku zao. Nikamkumbusha kwamba nami nilikuwa foleni. Akauliza kama mimi mwenyewe niliamini sukari ipo. Nikasema, kidogo. Akauliza kama naamini hata sasa. Nikaomba maji ya kunywa.

Kazi amepewa Kamis.

Jumamosi, 11 Septemba

Ayot alinifungia sanduku kabla sijaamka. Basi la Kitgum halikupata mafuta. Ameniongezea wiki moja, kwa sharti kwamba nisionekane nimesimama mahali popote.

Nimelikubali kwa maandishi. Jaribio jipya halihitaji kusimama: nitatimua mbio ghafla, bila sababu, nione ni wangapi watakimbia pamoja nami. Mahali nimekwisha kupachagua. Ni ile barabara ipitayo mbele ya makao makuu ya jeshi, Mbuya. Ni pana, na askari wa kushuhudia hawatakosekana.