Ajira ya Kudumu Kabla Waziri Hajafungasha

Jumatatu, 6 Oktoba

Tumeshindwa uchaguzi. Nasema "tumeshindwa" kwa heshima tu, aliyeshindwa ni Waziri. Mimi ni msaidizi wake: nambebea mkoba na kumnong'oneza majina ya watu asiowakumbuka. Lakini sheria haina huruma. Waziri akitoka, sisi wa kuteuliwa tunatoka naye, na nyumba ya serikali tunarudisha. Wizara nzima leo kimya. Waziri anamwagilia maua yake ya dirishani na kuyaaga moja moja. Mimi roho juu juu. Nina mke, watoto wawili, na sebule niliyoipaka rangi juzi tu! Nimeapa: kabla serikali mpya haijaingia, nitakuwa mtumishi wa kudumu. Huyo hang'oki hata kwa winchi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemwendea Katibu Mkuu, mama mtulivu aliyekwisha kuwaaga mawaziri saba bila kubadilisha kikombe cha chai. Kaniambia nafasi ya kudumu iko moja tu: Mkuu wa Kitengo cha Mizani, wale wanaokagua mizani za masoko na maghala. Nikamwomba anipe. Akasema haigawiwi, hutangazwa na watu wakasailiwa. Nikanywea. Kisha akaongeza kwamba sifa za mwombaji huandikwa na ofisi ya Waziri. Ofisi ya Waziri ni mimi! Nikatoka napiga mluzi.

Sifa nimezinakili kutoka wasifu wangu mwenyewe. Stashahada ya vipimo. Uzoefu wa ghalani. Ni kweli, hivyo ni vya mke wangu. Nilipoomba kazi kwa Waziri ukurasa ulikuwa mweupe mno, nikaazima vyake, na hakuna aliyeuliza. Vya mke na mume, nani atatenganisha?

Jumatano, 8 Oktoba

Kipaza kanusa. Huyu ni msemaji wa Waziri, mtu asiyeweza kuomba chumvi bila kuhutubia. Naye anaitaka nafasi ileile! Kapenyeza sifa yake kwenye rasimu: mwombaji awe na sauti inayofika mbali. Mizani na sauti wapi na wapi? Nikajibu mapigo papo hapo. Nimeongeza: awe anajua lugha ya alama. Mke wangu anaijua, alijifunza kwa ajili ya dada yake asiyesikia, kwa hiyo imo kwenye wasifu wangu pia. Kipaza kanuna. Nimekunywa chai mbili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kipaza ana cheti cha lugha ya alama! Kakipata wapi usiku mmoja? Wino bado unanukia. Basi nimetoa karata yangu kubwa: awe na leseni ya lori, kwa kuwa mawe ya kupimia mizani husafirishwa kwa lori. Mke wangu aliendesha lori la baba yake kabla sijamwoa. Mimi nitasema leseni yangu imeloa mvua.

Karani wetu ni shemeji yake Kipaza, haaminiki. Tangazo nimempa mke wangu alichape nyumbani. Kachapa lote. Kauliza tu mwisho wa kuomba ni lini. Nikamwambia Jumatatu. Nimefurahi, hatimaye anajali kazi yangu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tangazo nimelibandika nyuma ya mlango wa stoo ya karatasi. Mlango ukiwa wazi halionekani, na mlango huo uko wazi siku zote. Sheria imefuatwa. Katibu Mkuu kapita wakati nalibandika, kalitazama, kaenda zake. Nadhani kavutiwa.

Jumatano, 15 Oktoba

Usaili! Nimefika mapema na tai mpya. Kipaza kakaa benchini ananguruma kulainisha koo. Mara akaingia mke wangu kwa gauni lake la kuendea harusini. Nikadhani kaniletea chakula. Nikamshukuru, nikamwambia aweke tu hapo. Akasema hakuna chakula, yeye ni mwombaji wa tatu.

Nikamvuta pembeni, nikamwuliza anafanya nini. Akasema alipokuwa anachapa aliona karibu kila mstari unamtaja yeye, vyeti vyake, hata lori la marehemu baba yake, akaelewa kwamba nimemtafutia kazi kwa siri baada ya miaka yote aliyokaa nyumbani. Alilia jikoni, kasema, kwa furaha. Nikasema ndiyo, nilitaka iwe siri. Akanitazama kidogo zaidi ya nilivyopenda.

Ndani, jopo halikuuliza maswali mengi. Lilitupeleka uani, tulirudishe nyuma lori la mawe hadi penye mstari. Kipaza alipiga honi, akashindwa kuizima. Mimi niliwasha waipa, nikaomba kushuka. Mke wangu alivua viatu vya harusini, akapanda, akalirudisha lile dude taratibu kama anasukuma kitanda cha mtoto aliyelala. Niseme ukweli: wa kwanza kupiga makofi nilikuwa mimi. Nilijisikia fahari mpaka nikasahau ninashindana naye.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kapata. Barua ya ajira ya kudumu, jina lake, muhuri wa wizara. Na nyumba inabaki, kwa jina lake. Kipaza kamwamkia kwa kuinama. Nimewaambia wote kwamba mpango ulikuwa huu tangu mwanzo. Katibu Mkuu kakohoa kwenye chai.

Jumatatu, 20 Oktoba

Serikali mpya imeingia. Waziri wetu katoka mlango wa nyuma na maua yake, nimembebea mawili. Kisha nikarudi nyumbani kwa miguu. Sina kazi. Mke wangu karudi jioni, vumbi la ghala kwenye kope, anacheka peke yake. Nimemwekea maji ya kuoga. Tumekula kwa amani.

Jumamosi, 25 Oktoba

Hatari mpya! Mama mkwe anahamia kwetu kesho, kumsaidia binti yake aliyebanwa na kazi. Atapanga nyumba upya, namjua. Hapa sebuleni nina cheo kimoja tu kilichobaki: kiti kikubwa mbele ya televisheni. Sikulala. Asubuhi nimemwita fundi seremala kabla utawala huo haujaingia, akakipigilia kiti sakafuni kwa misumari minne mirefu. Hakisogei hata kwa winchi. Ajira ya kudumu!

Mke wangu katoka jikoni, kakijaribu kwa mkono, kafurahi sana. Kasema nimefikiria jambo la maana, maana magoti ya Mama hayataki kiti kinachotikisika.

Si neno. Fundi nimemwambia arudi jioni na misumari zaidi. Tutaanza na rimoti.