Bei ya Nje, Raha ya Ndani

Flemming Ravnkilde alisimama kwenye foleni ya duka kubwa la Vesterlund, mkate mmoja kwapani, akisikiliza mume na mke wakigombana mbele ya friji la maziwa. Kusikiliza ugomvi wa watu ndiyo kazi iliyomlisha miaka thelathini, na aliifanya kwa heshima zake zote.

"Tulale ndani, Preben," alisema mke. "Wageni wa hoteli ya ndani ya bustani wanafunguliwa lango saa tatu. Wa nje wanangoja saa nne. Saa nne, Preben! Foleni ya vigari vya kuporomoka itakuwa imefika barabarani."

"Lisbeth, mke wangu, kwa bei ya usiku mmoja mle ndani mimi nanunua baiskeli."

"Unazo baiskeli tatu."

"Ndiyo maana bei naijua."

"Na watoto niwaambie nini? Baba yenu kawabadilisha na baiskeli ya nne?"

Ilikuwa wiki ya ishirini na tisa, katikati ya Julai, mwaka wa tisini na sita, na nchi nzima ilikuwa likizoni kwa mpigo mmoja. Nimekaa na watu hawa miaka ishirini na mbili, nawafahamu. Hawana neno na kodi, hawana neno na mvua. Lakini mwambie mmoja wao kwamba jirani ataingia mahali saa nzima kabla yake, halafu umtazame uso. Mwambie papo hapo kwamba jirani huyo kalipa mara mbili, uso unarudi mahali pake. Sasa wanapofika kwenye Bustani ya Troldelund, ile ya michezo na vigari, wakatakiwa kuchagua hoteli ya ndani ya ua au nyumba za nje, wanateseka kwelikweli. Nimeona wachumba wakirudishiana pete kwenye maegesho.

Flemming aliliona jambo hilo pale pale, mkate kwapani. Watu hawa hawataki kuchagua. Wanataka bei ya nje na raha ya ndani, na hakuna mtu hata mmoja anayewauzia. Aliona haya kwa niaba ya biashara nzima ya utalii.

Tena alikuwa na haraka. Kule Frederikshavn, bandarini, mzee mmoja aitwaye Aksel alikuwa anauza kibanda chake cha soseji, kile cha magurudumu, chenye jiko la gesi na dirisha linalotazama meli. Aksel alimjua Flemming na tabia zake zote, akampa sharti moja: arubuni mkononi kabla ya Jumamosi saa kumi na mbili jioni, iliyobaki atalipa polepole. Leo ilikuwa Ijumaa. Flemming alikuwa na miaka hamsini na minne na magoti mabovu, na kukimbia aliowatapeli kulishamchosha. Alitaka kusimama mahali pamoja, amevaa aproni, watu wamwite jina lake la kweli na kumwomba aongeze vitunguu.

Nyuma ya bustani palikuwa na nyumba ya Bi Gudrun Sejersen, mjane wa miaka sabini na minane, ambaye kila kiangazi hulala kwenye kijumba cha uwanjani kwake na kupangisha nyumba kubwa. Mwisho wa uwanja wake, kwenye ua wa Troldelund, palikuwa na kimlango cha chuma cha rangi ya kijani. Flemming aliwahi kukiona akipita na baiskeli. Alimkuta bibi anachuma matunda.

"Wajerumani wangu wameghairi," alisema Bi Gudrun bila kuinua kichwa. "Kwa usiku mmoja nakupa. Mashuka yako, taulo zako, usafi wako. Kesho saa nne nakuja kukagua, na naanza na tanuri."

"Na kile kimlango, bibi?"

"Kimefungwa."

"Vizuri sana," alisema Flemming, akamlipa karibu senti zake zote. Mlango uliofungwa ndio aliouhitaji. Watu watasimama mbele yake wakingoja, na watu hawa wakishapanga foleni hawaivunji ovyo. Watakapoanza kushuku, yeye atakuwa ndani ya basi la saa tatu na robo, amekula kona.

Alivaa kizibao cha manjano na kushika ubao wenye karatasi. Mtu aliyevaa hivyo katika nchi hii haulizwi anatoka wapi, hata akiondoka na daraja. Aliwakuta Preben na Lisbeth kwenye gari lao, wamenuniana.

"Samahani, kaka. Holm naitwa. Ninyi ni wa ndani au wa nje?"

"Wa nje," alisema Preben.

"Wa ndani," alisema Lisbeth.

"Poleni nyote wawili," alisema Flemming, na sauti yake ilikuwa na majonzi ya msibani. "Wa ndani mnalipia mazulia, na kijana aliyevaa vazi la joka anayekuja kuwashika mabega mnapokunywa kahawa. Wa nje mnalipia kidogo, halafu mnasimama langoni mkiwatazama wa ndani migongo. Mimi nina nyumba. Iko nje. Lakini ua wake ndio ua wa bustani, na kwenye ua kuna mlango. Saa tatu kamili unafunguliwa."

Preben, mrefu kama mlingoti, alimkazia macho. "Mbona haujatangazwa?"

"Ukitangazwa, kaka, si utakuwa na foleni?"

Preben alifikiri. Alipindua maneno yale huku na huku, akakosa pa kuyashika.

"Bei?"

"Ya nje. Na kidogo tu kwa ajili ya mlango."

"Na usafi wa kuondoka?" aliuliza Lisbeth kwa sauti ya chini.

Hapo lazima niseme jambo zito. Huku mtu akipanga nyumba ya likizo, asubuhi ya mwisho yeye, mkewe na watoto hupiga magoti wakasugua kila walichokigusa, na mwenye nyumba huja kupitisha kidole. Hakuna likizo ya huku isiyoishia chooni na brashi mkononi. Flemming alilijua hilo, akavuta pumzi.

"Usafi juu yangu."

Lisbeth aliweka mfuko wa mikate chini. "Hebu rudia."

"Usafi juu yangu, mama. Mnanyanyuka, mnakwenda zenu. Hata kombo msiokote."

"Mlipe, Preben," alisema Lisbeth, na macho yake yaling'aa machozi.

Kufikia saa kumi na moja jioni walikuwa wameingia mkenge watu wa familia nne, kumi na saba kwa jumla, wa vyumba vinne. Wote walilipa taslimu, na wote waliwatazama wageni wa hoteli ya ndani kwa huruma. Arubuni ya Aksel ikatimia. Flemming aliifunga kwenye bahasha, bahasha akaitia kwenye mkoba, na mkoba hakuuvua hata alipokuwa anakula.

Asubuhi, saa tatu kasorobo, kumi na saba wale walijipanga mbele ya kimlango cha kijani na vyakula vyao vya mchana mikobani, wafupi mbele, warefu nyuma.

"Saa tatu kamili," aliwaambia Flemming. "Msigonge, walinzi wananuna."

"Tutagongaje na saa bado?" alisema Preben, ameudhika kidogo kwa kudhaniwa hivyo.

Flemming akarudi ndani kuchukua kofia. Baiskeli ilikuwa ukutani, kituo cha basi dakika saba. Njia ya kutokea ilipita jikoni.

Jamani, jikoni! Watu walikuwa wamechukua ahadi yake kwa moyo mmoja. Uji wa shayiri ulikuwa sakafuni, jamu kwenye kitasa, na ndani ya tanuri mtu alikuwa ameoka maini ya kusaga yakafurika na kugandia mpaka kwenye taa. Flemming alisimama. Huyu ni mtu aliyewahi kuuza boti ya mwenzake mara mbili kwa siku moja, na usiku wake akalala fofofo. Lakini alizaliwa na kulelewa huku huku Jutland, na marehemu mama yake hakuwahi kuondoka kwenye nyumba ya watu na kombo likabaki. Alitazama saa. Alitazama tanuri. Akafika hadi mlangoni, akatoka, akarudi.

"Dakika tano tu," alijiambia, akakunja mikono ya shati.

Dakika tano zilikwisha kwenye uji. Basi la saa tatu na robo lilipita yumo kwenye jamu, akalisikia, akajipa moyo kwamba kuna la saa nne kasorobo. Kichwa chake kilikuwa ndani ya tanuri hadi mabegani aliposikia viatu vya mbao vikiingia jikoni.

"Tulisema saa nne, bibi," alisema kutoka humo ndani.

"Nimekuja mapema," alisema Bi Gudrun. "Watu wako wako kwenye mlango wangu. Hali si nzuri."

Flemming alijigonga kichwa. Alipotoka alikuwa mweusi hadi kwenye nyusi.

"Wanasemaje?"

"Yule mrefu anataja polisi. Mkewe hataji polisi, anakutaja wewe. Sikiliza."

Alisikiliza. Kutoka upande wa ua kweli yalikuja mayowe ya watu wengi, wakubwa kwa wadogo, yakipanda na kushuka.

"Nipe pesa zao niwatulize," alisema Bi Gudrun. "Wewe shika njia ya baiskeli. Polisi uani kwangu sitaki, majirani watapata la kusema mpaka Krismasi."

"Bibi, nisikilize. Kuna mtu ananingoja Frederikshavn. Leo ndiyo mwisho. Nikizikosa hizi sina pengine."

"Na mimi nina watu kumi na saba uani, na wana watoto. Wazazi wakiwa na watoto wenye hasira, kijana wangu, mimi siwezi kukusaidia."

Mayowe yakapanda tena. Flemming aliitoa bahasha. Aliishika kwa mikono miwili, akaona kibanda kinaondoka na dirisha lake na meli zake, akaiachia. Iliuma. Alikuwa amewafanyia watu hivi maisha yake yote na hakuwahi kudhani kwamba inauma kiasi hicho.

Alipogeuka akimbie, bibi akasema, "Tanuri?"

"Nimemaliza, bibi."

Bi Gudrun akainama, akapitisha kidole. "Kule pembeni."

Flemming Ravnkilde, huku polisi wa Jutland nzima wakimjia kichwani mwake, alipiga magoti akasugua kule pembeni. Bibi akapitisha kidole tena.

"Safi. Karibu tena."

Alitoka mbio, akapanda baiskeli, akakata mbuga. Njia ilifuata ua wa Troldelund, na upande wa pili wa ua hupita treni ndogo ya watoto, ya mwendo wa kobe. Aliifikia kwenye kona. Kwenye behewa la mwisho, magoti yakiwa karibu na masikio, alikaa Preben, mkate wa nyama mkononi.

"Bwana Holm! Simama, kaka!"

Flemming alishika breki kwa woga, karibu aanguke. "Ninyi... mmeingiaje humo?"

"Kwa mlango wako! Saa tatu kamili, kama ulivyosema. Bibi kaja na ufunguo kutufungulia."

"Ana ufunguo?"

"Ardhi hii yote ilikuwa ya mumewe, bwana, hukujua? Walipoiuza alibakiziwa haki ya kupita hapo, yeye na wageni wake, wakati wowote autakao. Imeandikwa."

"Vigari vya kuporomoka mara tatu!" alipiga kelele Lisbeth, amepoteza sauti kwa mayowe ya kila mteremko. "Bila foleni! Wa ndani wametukuta tunashuka!"

"Na hamna... hamjakasirika?"

"Tukasirike?" alisema Preben. "Mwaka wa kwanza katika ndoa yangu nimelipa kitu na nikapewa kile nilicholipia. Tumeshaweka nafasi ya mwakani. Bibi kasema tupitie kwake moja kwa moja, wewe unaacha hii kazi. Kila la heri, kaka!"

Treni ikawachukua taratibu, wakimpungia mkono mpaka ikaingia kwenye pango la plastiki. Flemming alibaki na baiskeli yake njiani. Alikuwa ameuza mlango wa kweli, wenye ufunguo wa kweli, kwa watu walioridhika. Zile pesa zilikuwa zake, kila senti. Angeweza kukaa jikoni, akanywa kahawa, akaondoka mchana kweupe kama watu wengine. Alikaa kwenye majani, akalia, na alipojifuta machozi masizi ya tanuri yakaenea uso mzima.

Karibu na kituo cha basi palikuwa na kibanda cha simu. Alimpigia Aksel.

"Unazo?" aliuliza Aksel.

"Nilikuwa nazo. Zimechukuliwa na bibi kizee."

"Ulizipata wapi?"

"Kihalali, Aksel. Nakuapia. Nilipangisha nyumba yenye mlango, mlango ukafunguka, watu wakafurahi. Sikumwibia mtu hata krone moja."

Aksel akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akaweka simu chini akaichukua tena.

"Flemming," alisema, akipangusa macho, "miaka yote hii unanidanganya, lakini uongo huu umepita wote." Na jioni ile, saa kumi na mbili kamili, kibanda akamuuzia mwalimu mstaafu wa Skagen.