Bakteria Wavivu wa Kisima cha Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Julai
Gereji bado imefungwa. Wiki ya tatu! Kosa langu nini? Tangi moja la dizeli, chini ya ardhi, limetoboka. Basi. Nani huchungulia chini ya ardhi? Dizeli ikajipenyeza hadi kisima cha jirani, na jirani ni mama mkwe. Sasa anateka maji mtaa wa tatu. Nilimwambia achote kwenye bomba la gereji. Akajibu asante, ametosheka na vitu vya kutoka kwangu.

Msafishaji ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Kasomea bakteria. Anadai wamo humo humo udongoni, makundi kwa makundi, wanakula dizeli: hawa wanaikatakata, wale wanamalizia makombo. Yeye anawapulizia hewa kwa pampu na kuwapa mbolea kidogo. Nikauliza watamaliza lini. Miezi sita! Hata mafundi wangu hawajafikia uvivu huo.

Afisa wa maji anakuja Ijumaa kupima. Akikuta dizeli imepungua, gereji inafunguliwa.

Jumanne, 7 Julai
Wazo! Bakteria hawa wana njaa. Mchana, shemeji alipokwenda maabara, nikawamiminia kilo kumi za sukari kwenye kisima cha kupimia, kile chembamba alichochimba kati ya gereji na kwa mama mkwe. Wakishiba watachapa kazi.

Jumatano, 8 Julai
Kisima kinanuka mayai viza. Shemeji kakuta punje za sukari ukingoni. Akaniuliza kama mimi ningekula dizeli huku nimewekewa sukari. Swali gumu. Kumbe wameiacha dizeli, wamefakamia sukari, na hewa yote wameimaliza. Mama mkwe kasema, kwa sauti ya chini, kwamba bakteria hao wana akili kuliko baadhi ya watu. Sikuuliza nani.

Alhamisi, 9 Julai
Hili halina dosari. Afisa anapima maji ya kisima cha kupimia? Basi apewe maji safi! Mama mkwe alipojilaza mchana, nikavuta mpira kutoka bomba la gereji, nikafungulia kwa saa mbili nzima. Dizeli hainuki tena hata kidogo. Kinachonuka ni dawa ya bomba, harufu ya usafi wenyewe. Nimejipongeza kwa chai.

Ijumaa, 10 Julai
Nimekwisha. Kumbe afisa hapimi maji anayoyakuta! Kwanza anavuta yaliyotuama, anayamwaga, nusu saa, mpaka yaje ya ndani ya ardhi. Nikamshauri kwamba anapoteza maji mazuri. Akayanusa. Akatia dawa yake kwenye chupa, maji yakageuka rangi ya waridi. Klorini!

Shemeji akaketi juu ya ndoo, kashika kichwa. Klorini ya bomba huwekwa kuua bakteria, na wetu wa pale kisimani wamekufa wote. Kipimo chake cha Jumatatu, kabla sijagusa kitu, kilionyesha dizeli imepungua theluthi. Ningefunguliwa leo kwa kukaa tu!

Miezi sita inaanza upya, na bakteria wapya. Mama mkwe alisikia yote. Akachukua ndoo zake, akatoka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamfuata, nikampokea ndoo, na kwa mara ya kwanza hakukataa.

Jumapili, 12 Julai
Nateka maji siku ya tatu. Mgongo si wangu tena. Mke wangu anacheka. Nimeapa mbele ya mama mkwe na shemeji: kisima kile sikigusi hata kwa kidole. Mama mkwe akanitilia chai. Nilifurahi kweli kweli, nusura nilie.

Lakini leo, kwenye foleni ya bomba, nikawaza. Wale walikufa kwa sababu hawajazoea klorini! Wamedekezwa mno: hewa ya kupuliziwa, mbolea ya kupimiwa. Hawa wapya wakizoeshwa tangu wachanga, kijiko kimoja kila asubuhi, nini kitawashinda?

Shemeji anakwenda maabara kesho saa nne. Na kijiko si kidole.