Pilipili na Milango Miwili ya Kiwanda cha Vidonge

"Mama, achia huo mlango!"

"Siachii! Bosi yule anakuja. Nimfungie mlango usoni, nina wazimu?"

Enyi wasomaji, wekeni simu chini, niwape habari za vita kuu vilivyopiganwa kwenye kichumba kisichotosha hata kitanda, pale tunapopita kuingia kiwanda cha vidonge. Kichumba hicho kina milango miwili yenye masharti kama ya mganga: wa nje usipofungwa, wa ndani haufunguki, ili vumbi lisifike kwenye dawa. Taa nyekundu ikiwaka, hata ulie.

Nayo ilikuwa inawaka. Saa mbili kasoro dakika mbili! Ikigonga saa mbili kamili, ile mashine ya kuweka kidole kule ndani inakuandika umechelewa, na Mama Lebo, malkia wa kubandika karatasi kwenye chupa, alishachelewa mara mbili mwezi huo. Ya tatu ni kwaheri. Na nani kaushikilia mlango wa nje usifungwe? Yeye mwenyewe, jemadari wa adabu!

Bosi naye, simba wa korido, alikuja kama mtu anayehesabu vigae, akimsalimia kila mfagiaji na kuulizia nyumbani mpaka habari za kuku.

"Utafukuzwa kazi kwa heshima zako!" alinguruma Pilipili, mbabe wa mizani, mfungashaji asiyewahi kuangusha kidonge mbele za watu.

"Nifukuzwe. Ila nisiitwe sina adabu."

"Si umtoe tu huo mkono?" nikamnong'oneza Pilipili.

Akanitolea macho. "Wewe! Nimshike mkono mama mkwe?"

Naam, jeshi likakwama. Jeshi zima, yaani sisi watatu. Ikabaki dakika moja.

Hapo Pilipili akavuta pumzi, akaiweka sawa kofia yake ya nailoni kama aendaye kufa kwa ajili ya taifa.

"Samahani mama, napita."

"Unaenda wapi tena, baba?"

Lakini mkwe akipita lazima apishwe. Mama Lebo akajibana ukutani, mkono ukaachia kitasa.

Andikeni tarehe, watoto wenu waje kufanyia mtihani! Saa mbili kasoro nusu dakika, shujaa, ambaye sasa ndiye angechelewa, alirudi nje koridoni, akasimama uso kwa uso na simba, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bosi."

Na bila kugeuka akaufunga mlango. Tk. Taa ikawa kijani.