Buibui wa Miguu Saba na Kompyuta ya Mitumba

Jumatatu, 11 Agosti

Aibu tupu. Jana katikati ya mazoezi ya mchezo wetu wa kompyuta, mashine yangu iliganda tena. Mwanangu Tamsin kazingirwa na maadui, anapiga kelele nimkinge, na mimi kwenye skrini nimesimama nakodolea ukuta. Kauawa. Leo asubuhi, huku akipaka siagi kwenye mkate, akaniambia kwa upole (na huo upole ndio ulioniuma) kwamba ikiganda tena kabla ya Jumamosi, atacheza na Merv.

Merv! Jirani! Mstaafu! Kompyuta yake inawaka taa za kila rangi, utadhani kuna harusi.

Jumamosi ni mashindano pale klabu. Kila mtoto anacheza na mtu mzima mmoja, kila mtu na kompyuta yake. Mwakani Tamsin atakuwa amevuka umri, kwa hiyo hii ndiyo mara yetu ya mwisho. Tumecheza pamoja tangu alipokuwa akikaa kitini miguu haifiki chini. Nimwachie Merv? Thubutu!

Ninachohitaji ni kadi ya picha, kile kidude cha ndani kinachochora mchezo. Mpya, mke wangu Noelene hataki hata kuisikia. Anasema kwanza tutengeneze mfereji wa paa. Basi ni mitumba. Ila mitumba nayo inatisha. Utajuaje kitu kilikotoka?

Merv kaniuliza kutoka ng'ambo ya ua mara ya mwisho nilipuliza vumbi lini humo ndani ya kompyuta. Nikamjibu mimi si mfagizi. Mji wetu mzima wa Mildura ni vumbi jekundu, tutapuliza mara ngapi? Anataka kunipotezea muda tu, mzee yule.

Halafu kuna Bevan. Bevan ni buibui, mkubwa wa kutosha kuziba kikombe, kahamia nyuma ya kompyuta tangu baridi ianze. Anafuata joto. Ana miguu saba, wa nane aliuacha kwenye mlango wa friji. Tamsin ndiye aliyempa jina na amepiga marufuku asiguswe. Sawa. Mimi nina makubwa zaidi ya kufikiria.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda mji jirani wa Red Cliffs kumwona mtu anayeitwa Darrell, anauza kadi. Kwenye tangazo kaandika kwamba ilitumiwa na bibi yake kutazama picha za wajukuu. Nimefika, kanipeleka moja kwa moja kwenye banda la kuku. Kadi iko ukutani, inanguruma, na chini yake vifaranga wamelala fofofo. Ndiyo inayowapa joto.

Nikamuuliza, bibi yuko wapi sasa? Akasema bibi ndiye yule mwenye madoadoa. Kuku!

Nikamuuliza kama inafanya kazi vizuri. Akanijibu kwamba tangu aifunge, hakuna hata kifaranga mmoja aliyelalamika. Jibu zuri, huwezi kulipinga. Lakini feni imejaa manyoya, na harufu... Nikamwambia naenda kufikiria kwanza garini. Mnunuzi mwerevu hakurupuki.

Nimefikiria. Nimefikiria tena. Nikasinzia. Nilipozinduka, mwanamke mmoja anatoka bandani na kadi mkononi na kifaranga begani.

Nimerudi mikono mitupu. Tamsin kaniuliza imekuwaje. Nikamwambia niko kwenye mazungumzo mazito. Akasema Merv kamwalika wajaribu mchezo mmoja kesho, kujaribu tu. Chakula cha jioni nilikila kwa hasira, mpaka sahani ya pili.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepata! Mbona sikuwaza mapema? Wiki hii ni ya takataka kubwa. Mji mzima umetoa vitu vyake kwenye nyasi mbele ya nyumba, vinangoja lori la manispaa. Na kila mtu anajua: kikishakaa kwenye nyasi hakina mwenyewe. Anayekitaka anabeba, haulizi, haagi.

Mpango wangu una akili ndani ya akili. Kwanza, natoa kompyuta yangu mbovu niiweke nje. Noelene akikuta meza tupu siku tatu kabla ya mashindano, ataingiwa na huruma, mfereji wa paa atausahau. Pili, nazunguka mitaani na tela, naokota kompyuta bora kwenye nyasi za watu. Nimeshika kote kote!

Nimeibandikia kikaratasi: INAFANYA KAZI. Uongo mdogo, wa heshima.

Nimezunguka mchana kutwa. Nimerudi na baiskeli ya mazoezi isiyo na kanyagio, mashine ya kuoka mkate na sanamu ya chura. Kompyuta hata moja! Basi nikasema si neno, nichukue ile yangu niirudishe ndani.

Haipo. Imebebwa!

Noelene hakuingiwa na huruma. Ameniuliza kama nimejigonga kichwa. Tamsin yeye alisimama akaitazama meza tupu, kisha akauliza Bevan yuko wapi. Nikatafuta nyuma ya pazia, nikatafuta ndani ya viatu. Bevan hayupo. Tamsin akaingia chumbani na kufunga mlango taratibu. Bora angeubamiza. Nimejisikia vibaya sana, na ninaandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Alhamisi, 14 Agosti

Lori la manispaa limeharibika, eti litakuja Jumatatu. Takataka zote bado ziko nje. Chura wangu kaibwa.

Lakini sikia. Merv kaniita uani. Anasema ana kompyuta ya ziada, ya mitumba, ameifungua, ameipuliza, ameitia kwenye kasha jipya lenye taa, na sasa inakimbia vizuri. Akaanza, Lindsay, ukweli ni kwamba hii kompyuta...

Nikamkata hapo hapo! Nikamwambia mtu mzima hamwulizi muuzaji bidhaa kaitoa wapi. Akafungua mdomo tena. Nikainua mkono. Siri ya biashara, Merv, baki nayo.

Akasema basi nichukue tu. Bure!

Bure? Hapo nikashtuka. Mimi si mtoto. Kitu cha bure kina walakini. Nikamwambia bure sitaki. Akasema haya, leta chupa moja ya bia. Chupa moja? Rahisi mno, hapo pia pana jambo. Nikambana. Nikapandisha hadi katoni. Akawa anasita, naona jasho linamtoka. Sikumwachia. Mwisho nikamwambia bei yangu ya mwisho ni sinia la nyama linaloshindaniwa kwenye bahati nasibu ya kesho klabu, nikilishinda, achukue au aache.

Akachukua. Nimembana mpaka akasalimu amri.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimelishinda! Tikiti ya rangi ya waridi. Mbavu za kondoo, soseji, na kipande cha nguruwe ambacho watu walikitazama kwa wivu. Lebo imechanika pembeni, lakini nyama ni nyama. Ukumbi mzima umenipigia makofi. Noelene alishaanza kuwaza atachoma nini Jumapili. Nikampita na sinia langu, moja kwa moja kwa Merv.

Merv kalipokea kwa unyonge. Kasema daktari kamkataza nyama nyekundu. Kisha akaanza tena, Lindsay, nisikilize, hii kompyuta ni... Nikamwambia Merv, tumeshapeana mikono.

Nimeileta kompyuta nyumbani, nikaiwasha. Haigandi! Inateleza tu! Ila kitu cha kwanza kwenye skrini ni picha ya Noelene, kavaa kofia yake ya majani, kando ya mto. Merv anafanya nini na picha ya mke wangu? Nikamwita Noelene, nikamwonyesha, nikamtaka ajieleze. Akaegemea mlango, akacheka mpaka akashindwa kusimama. Hilo si jibu.

Nikiwa bado nahoji, kwenye tundu la feni pakatoka mguu. Halafu mwingine. Buibui mkubwa. Tamsin akapiga ukelele, akamhesabu. Miguu saba.

Akamtazama buibui, akaitazama kompyuta, akanitazama mimi. Akasema, Baba, huyu ni Bevan. Nikamwambia naona. Akasema, Baba, fikiria basi. Nikafikiria. Nikamweleza kwamba Bevan bila shaka alihamia kwa Merv kufuata joto, na sasa karudi kwao. Mnyama mwaminifu. Tamsin akanikumbatia. Sijui kwa nini, lakini sikuuliza. Ilikuwa imepita miezi hajanikumbatia.

Jumamosi, 16 Agosti

Mashindano. Nilipofika mlangoni nilimwambia Tamsin kwamba kama anamtaka Merv nitaelewa. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Akasema amejiandikisha na mimi tangu mwezi wa sita. Ile habari ya Merv ilikuwa ya kunitia presha nisafishe vumbi. Kwamba angecheza na mimi hata kwenye ile mashine ya kuoka mkate.

Nikajifanya nimeingiwa na kitu jichoni.

Tumekuwa wa tatu. Tungekuwa wa pili, lakini nilisimama kumweleza adui kwamba kompyuta yangu ni mpya, akanipiga. Tamsin alicheka mpaka wachezaji wa meza ya jirani wakageuka. Zawadi ya nafasi ya tatu: sinia la nyama, msaada wa mwanachama ambaye hakutaka kutajwa. Mbavu, soseji, kipande cha nguruwe, lebo imechanika pembeni. Mabucha ya mji huu hayana ubunifu hata kidogo.

Halafu Tamsin akaniambia kwamba mwakani, akishavuka umri, tutaingia pamoja kundi la watu wazima. Kashamwuliza msimamizi. Nimeendesha gari kurudi nyumbani polepole sana.

Jumapili, 17 Agosti

Jana usiku ilivuma dhoruba, kila kitu kimekuwa chekundu. Leo kompyuta imeganda mara moja. Mara moja tu, lakini mimi dalili nazijua. Merv kapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua, nipulize vumbi. Hajachoka yule!

Mwakani tuko na watu wazima, pale hakuna mchezo. Lazima nipande daraja. Na nimeshamsoma Merv: mzigo wake mzuri huupata wiki ya takataka. Lori linakuja kesho, kwa hiyo wakati ni huu. Nimetoa kompyuta nimeiweka kwenye nyasi ili meza iwe wazi, kisha jioni nitamwendea Merv kama mteja wa kawaida. Safari hii naanza na masinia mawili, nimwachie nafasi ya kushuka.

Tamsin kaitazama pale nje, kashusha pumzi, kaandika kitu kwenye karatasi na kuibandika juu ya kasha. Naona kimeanza na jina la Merv, mengine sikusoma. Mtoto ana mwandiko mzuri kwelikweli.

Bevan simwoni tangu asubuhi.