Ziwa Lililoingia Uani Kwetu

Kwa Ndugu Dalali wa Nyumba za Ziwani,

Mwanangu, natumaini u mzima, maana nataka uwe na nguvu za kuisoma barua hii hadi mwisho. Mimi ni mama mkwe wa yule fundi saa uliyemuuzia nyumba ya ufukweni. Shule sikwenda, anayeandika ni mjukuu wangu, na nimemkataza kulainisha neno.

Naomba uichukue nyumba yako kabla ya masika, nami nirudi mjini kwenye chumba changu, ukuta kwa ukuta na mdogo wangu. Tangu afiwe na mumewe hana wa kugombana naye ila mimi. Nilimwomba aje huku, akakataa. Anasema maji ni ya kuoga, si ya kupakana nayo. Sababu zangu ni hizi:

1. Ulituonyesha nyumba kiangazi, saa nne asubuhi, upepo umelala. Nyumba ya ziwani hutazamwa mvua ikinyesha, au jioni mbu wakiwa kazini. Mchumba humjui akiwa amejipamba, mngoje aamke.

2. Kuta umezipaka rangi ya kahawia hadi kiunoni, ukasema ni urembo. Nikalisogeza lile kabati ulilotuachia bure. Nyuma yake, ambako brashi haikufika, upo mstari wa maji ya mwaka juzi, umenyooka kuliko wewe.

3. Choo. Maisha yangu yote nimejua choo hupokea. Hiki shimo lake linajaa kutokea chini, kinarudisha.

4. Ulisema kiwanja kinaishia kwenye jiwe la mpaka. Jiwe nimeliona: liko majini, bata amelikalia. Ziwa limekula hatua kumi na moja za ua pamoja na kamba yangu ya kuanikia nguo, na masika bado. Hati halina. Naomba liitwe kwenye baraza la ardhi lijieleze. Kwa jinsi linavyotembea, halitashindwa kufika.

5. Maharage yangu yameungua mara nne. Nikifungua dirisha la jikoni asubuhi, maji yakiwa meupe kama maziwa, nasahau kwamba nilikuwa napika. Hili hukulitaja. Tena binti yangu na mumewe, waliokuwa wakirushiana maneno tangu uji hadi chakula cha usiku, sasa wanakaa kwenye ngazi ya nyuma, miguu majini, kimya. Mama mkwe asiye na ugomvi wa kusuluhisha ni refa kwenye uwanja mtupu. Nimebaki na filimbi mdomoni.

Ukikataa kuichukua, basi njoo ukae nasi masika yote. Kitanda chako kitakuwa kando ya ule mstari. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nawe mwanangu ulitembea sana.

Nisalimie mama yako, mwambie yeye sina neno naye. Wasalimie wenzako wa ofisini, na yule mzee anayetunza funguo, aliyeona haya kunitazama usoni.

Ni mimi, niliyeweka miguu juu ya kigoda,
Bibi wa nyumba ya mwisho

Nyongeza: Jirani yetu wa kushoto amechoshwa na maji, anauza. Mdogo wangu amekubali kuja kuitazama nyumba hiyo Jumamosi, kuitazama tu, anasema. Mlete saa nne asubuhi. Kuta zipake kahawia, na lile kabati njoo ulichukue, ulisimamishe panapostahili. Barua hii ichome kabla hajafika. Yeye kusoma anajua.