Swali Baada ya Lori la Kumi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Kadii wangu bado ni yuleyule: shingo ile, mwanya ule, sauti ile ya kuniuliza kama chai imekolea. Nampenda mpaka nasahau kufunga stoo. Sote wawili tunafanya kazi kiwanda cha chumvi, hapa Marereni. Mimi stoo, yeye chumba cha mizani. Anapima malori kwa programu niliyoiandika mimi mwenyewe kwa BASIC, lugha ya kompyuta, kwa elimu ya kidato cha nne na alama ya B ya kompyuta. Mke wangu anashinda akibonyeza kazi ya mikono yangu. Kuna mapenzi gani zaidi ya hayo?

Doa moja. Mutuku, fundi wa mitambo kutoka Kitui. Printa ilikwama tena leo, akaja kuitengeneza. Kadii akacheka mara nne. Nilikuwa dirishani, nikahesabu. Printa gani ya kuchekesha?

Jumanne, 4 Februari

Nimemwendea msimamizi wetu, Bi Nyokabi. Nikamweleza kwa upole kwamba Mutuku anapoteza muda mwingi njiani, karakana hadi mizani na kurudi. Heri printa iwe inapelekwa kwake. Akanishukuru. Akasema mfanyakazi mwenye kuona mbali kama mimi ni nadra. Kufikia saa nane meza ya Mutuku ilikuwa imehamishiwa chumba cha mizani. Chini ya feni. Ubavuni mwa Kadii!

Nilisaidia kuibeba.

Jioni, sima na papa wa nazi. Kadii akasema Mutuku ni mtu wa heshima, humwita shemeji. Mwizi mwenye akili huanza kwa kubisha hodi.

Jumatano, 5 Februari

Nina mpango. Ukimuuliza mke ana kwa ana kama anakupenda, atasema ndiyo kwa adabu. Mashine haina adabu. Asubuhi, Kadii akiwa bado anasalimiana na wenzake langoni, nimeongeza swali ndani ya programu. Baada ya lori la kumi, skrini imuulize: JE, UNAMPENDA MUME WAKO KULIKO WATU WOTE? N ni ndiyo, H ni hapana. Jibu liandikwe katika faili ya siri, swali lifutike, kazi iendelee.

Lori la kumi lilipita saa tano. Wakati wa chakula nikafungua faili.

H.

Nimekula mandazi mawili bila kuhisi ladha. La tatu nililihisi kidogo.

Alhamisi, 6 Februari

Huenda jana kidole kiliteleza. Leo tena: H.

Nikasusa chakula cha jioni. Nikasema tumbo limevurugika. Kadii akanipikia uji, akanikanda mgongo, akaupuliza uji kijiko kwa kijiko ili usiniunguze. Mnafiki mzuri kuliko wote katika pwani hii! Nilikunywa vikombe viwili, kwa uchungu.

Nimekata shauri. Jumamosi baada ya kazi nampeleka Ganze kwa mama mkwe, nimrudishe kwa heshima. Nikiulizwa sababu, nitasema mashine imesema. Nimefua shati la safari kwa siri. Kadii akaliona kambani, akalipiga pasi.

Ijumaa, 7 Februari

H ya tatu. Kisha balaa. Mutuku aliona skrini ikimetameta baada ya lori la kumi, akaifungua programu. Akaniita nyuma ya vilima vya chumvi, sisi wawili tu. Nikakunja mikono ya shati. Akaniuliza taratibu, "Bwana Nyale, hili swali ni la gunia gani?"

Nikamwambia ni la moyo. Nikamtajia majibu yote matatu, na kwamba najua linakotoka tatizo. Hakucheka, na hilo liliniudhi zaidi. Akanieleza. Printa ikianza kukoroma Kadii huchoka kungoja. Anajua ataulizwa kama anataka nakala ya pili, na hataki, basi hubonyeza H mapema: H, H, H. Programu huchukua moja tu. Zilizobaki hukaa kwenye foleni ndani ya kibodi. Swali langu likitokea, linajibiwa papo hapo na H iliyobaki, na kufutika kabla Kadii hajaliona.

"Mkeo hajakukataa," akasema. "Hajaulizwa bado."

Kadii alipotoka kwenda kula, tukarudi mizani, akaandika mstari mmoja juu ya swali langu: WHILE INKEY$ <> "": WEND. Yaani soma kila herufi iliyobaki, itupe, mpaka foleni iwe tupu, ndipo uulize. Kisha akanishauri nilifute swali kabisa, nikamuulize Kadii nyumbani. Nikamwambia mambo ya nyumba yangu ayaache kwangu. Mstari wake nimeubakisha. Swali pia. Machozi yalinitoka. Nikasema ni chumvi imeniingia machoni.

Jumamosi, 8 Februari

Lori la kumi, saa nne na nusu. Nilikuwa dirishani. Printa ikakoroma, Kadii akabonyeza zake za haraka, risiti ikatoka. Swali likatokea, na safari hii likabaki palepale, likimsubiri. Akalisoma. Akasogea, akalisoma tena. Dereva akapiga honi. Kadii akageuka, akaniona, akashika kiuno. Kisha akabonyeza.

N!

Akafungua dirisha, mbele ya madereva na wapakizi wote. "Mume wangu, si ungeniuliza nyumbani, nikakujibu huku nakupakulia?"

Wakapiga vigelegele hata wanaume. Hakuna mwenye furaha kunishinda kutoka mto Sabaki hadi hapa. Ganze tunakwenda, lakini kusalimia tu. Kadii amejifunga leso mpya, ananingoja mlangoni, anang'aa.

Jambo moja. Tangu swali litokee hadi abonyeze zilipita sekunde kumi na moja. Nilihesabu. Mke mwenye mapenzi anafikiria nini kwa sekunde kumi na moja? BASIC ina saa yake, inaitwa TIMER. Nimeshaitia ndani ya programu kabla ya kufunga kazi, kimya kimya.

Pale langoni nilimuuliza Mutuku, kama mzaha, mke wake kule Kitui hujibu kwa sekunde ngapi. Akasema hajawahi kumpima. Maskini. Nimemhurumia kwa mara ya kwanza.